Tuling'oa Vibendera Vyote

Mmeona picha mbili. Katika ya kwanza niko juu ya kilima, ndevu zimeganda, nimekumbatia vibendera vya rangi ya chungwa kama mtu aliyeiba mapambo ya harusi. Katika ya pili nimevaa joho la kwaya, safu ya nyuma kabisa, mdomo wazi. Tangu hapo simu yangu haijapumzika. Wengine mnauliza kama nimeokoka, wengine kama nimerukwa na akili, na binamu yangu wa Muheza ameuliza yote mawili katika ujumbe mmoja. Naandika mara moja kwa wote, kwa sababu kila ninaposimulia kwa mdomo najikuta nimejiongezea ushujaa, na ushujaa huo haukuwepo.

Nina miaka hamsini na mbili. Kazi yangu ni kuandika insha, yaani kukaa. Katika miaka ishirini ya Minnesota, zoezi langu la majira ya baridi limekuwa kukwangua barafu kwenye kioo cha gari, na hata hilo nalifanya upande wa dereva tu.

Rafiki yangu Bisimwa ni mtu wa Uvira. Anaishi mtaa wa Phillips, anafanya kazi ghalani kule Plymouth, na kwa miaka tisa ameongoza kwaya ya kanisa letu, ndiyo maana wote humwita Maestro. Mwaka jana madaktari walimbadilisha vali ya moyo. Alipotoka hospitali akakuta Mama Kemunto, mwenyekiti wa kwaya, Mkenya na muuguzi wa miaka mingi, ameshamtafutia mtu wa kushika nafasi yake, "ndiyo a-rest." Akapumzika miezi minane. Mtu ambaye hajawahi kumwona mwongoza kwaya akikaa na waumini, akitikisa vidole chini ya kiti wakati wengine wanaimba kwa kasi isiyo yake, hajui mateso.

Siku moja baada ya ibada akamfuata Mama Kemunto kwenye maegesho kudai kwaya yake.

"Maestro," akasema mama, "siku utapanda milima kwa snow kutoka asubuhi mpaka jioni na ukuje na medali, siku hiyo nakupatia kwaya. Before that, keti."

Alisema hivyo kufunga mjadala, kama unavyomwahidi mtoto farasi akiwa wa kwanza darasani. Bisimwa akaenda kutafuta milima, akapata mbio za theluji kule kaskazini. Daktari wake, kwa masikitiko ya Mama Kemunto, akaruhusu. Mbio zenyewe hukimbiwa na watu wawili wawili: mmoja akiacha, wote wameacha. Wanaume wote wa kwaya wakawa na shughuli siku hiyo. Mimi ndiye pekee niliyekosa udhuru, maana kila mtu anajua siendi kazini.

Phillips: uzito wa maharage

Ramani ilisema ni mwendo wa saa tatu na nusu kwenda kaskazini. Nilitoka kwangu Inver Grove Heights mapema siku ya Ijumaa ili nimchukue Bisimwa, na saa tatu asubuhi tuwe barabarani. Saa tano bado tulikuwa sebuleni kwake. Mkewe, Mapendo, alikuwa amepika kana kwamba tunakwenda kujenga reli: sufuria la maharage, bakuli la sombe, yaani kisamvu, fufu, ugali wao wa muhogo, iliyofungwa kwa nailoni, na ndoo ya mandazi. Narudia, ndoo.

"Shemeji," nikamwambia, "waandaaji wametuma maelekezo. Wanasema mkimbiaji abebe vipakiti vya sukari nzito, vya kunyonya."

Mapendo akamtazama mumewe, kisha mimi. "Ya kunyonya? Uyu ni mtoto?"

Mandazi yakaingia kwenye gari.

Kisha sala. Ilianza ya Mapendo, ikafuata ya jirani aliyepita kuazima chaja. Binti yao mkubwa alipoombwa afunge, alijibu kwa Kiingereza kwamba Mungu ameshasikia mara mbili na kwamba pale nje nimeegesha mahali pasiporuhusiwa.

Wakati Bisimwa akifunga viatu, Mapendo alinivuta jikoni. Hakuwa tena na mzaha.

"Yaya Mhina," akasema. Kwao yaya ni kaka mkubwa, siyo mlezi wa watoto. Ilinichukua mwaka mzima kuacha kukasirika. "Akikuambia amechoka, umurudishe. Akikuambia hajachoka, angalia midomo yake. Ikiwa bluu, usimusikilize hata kidogo. Unanisikia?"

Nikasema nimesikia. Huo ndio ulikuwa wajibu wangu pekee katika safari nzima: kuangalia midomo ya mtu.

Kaskazini: mikono arobaini

Sitawachosha na barabara. Ni nyeupe, imenyooka, na kila baada ya maili thelathini kuna kituo cha mafuta chenye kahawa inayofanana na maji ya kuoshea sufuria. Tulisimama kwenye vituo vinne, kwa sababu Bisimwa hunywa vidonge vya kumkojoza, na kila kituo alitoka na rafiki mpya.

Jioni waandaaji walitulisha tambi katika ukumbi wa mji mdogo ambao nimeshasahau jina lake. Walikuwepo watu kama arobaini, wote wembamba, wote wamevaa nguo zinazong'aa. Watu wa Minnesota ni wapole sana, na upole wao ni wa kukaa mbali: wakikutana nawe watatabasamu, kisha wataangalia viatu vyao. Bisimwa hajui upole wa namna hiyo. Aliingia ukumbini na kumpa mkono kila mtu, meza kwa meza, akiuliza usingizi, akiuliza watoto, akiuliza kama wazazi bado wapo. Mwanzoni walimtazama kama mgombea wa udiwani. Alipozunguka mara ya pili na ndoo ya mandazi, walimpenda.

Aliyempenda kuliko wote ni mzee mmoja wa miaka sabini na kitu, Harlan, mrefu na mkavu kama nguzo ya simu. Alikula mandazi manne. Nikamuuliza yakoje.

"Siyo mabaya," akasema.

Nilidhani yamemkera. Jirani yake akaninong'oneza kwamba Harlan alisema hivyohivyo siku mkewe alipokubali kuolewa naye.

Kazi ya Harlan ilikuwa kutembea nyuma ya watu wa mwisho, kuhakikisha hakuna aliyebaki porini, na kung'oa vibendera vinavyoonyesha njia. Hilo nililisikia. Dakika kumi zilizofuata, mwanamke mrefu mwenye filimbi shingoni, msimamizi wa mbio, alisimama mbele kueleza vibendera vyenyewe. Bisimwa alikuwa meza ya mbali akisalimia, na kabla ya kwenda alikuwa ameniambia, "Yaya, wewe umesoma, sikiliza kwa ajili yetu wawili."

Nikatoa daftari. Wakati mama yule anaeleza, mimi niliandika sentensi nzuri sana kuhusu tambi. Sentensi hiyo ninayo mpaka leo. Siwezi kuitumia mahali popote.

Vilima vya kwanza: midomo

Tulianza Jumamosi saa moja asubuhi, baridi ya kuumiza meno. Neno "mbio" lilikuwa la watu wengine. Sisi tulitembea kwa haraka, kisha tukatembea. Njia yetu ilikuwa fupi, maili ishirini na mbili. Kulikuwa na wendawazimu wa njia ndefu waliotutangulia kuanza kwa saa nne, ambao wangepita vilima vyote kisha warudi kuvipita tena. Tulitakiwa kumaliza kabla ya saa kumi jioni. Ukifika saa kumi na dakika moja, unapewa supu bila medali.

Kufika kilima cha pili mrija wa maji yangu ulikuwa umeganda. Kufika cha tatu mandazi yaliganda. Nilijaribu kuuma moja nikasikia sauti ambayo daktari wangu wa meno angeifurahia. Bisimwa alikuwa na njia yake ya kupima moyo. Kila mlima alipanda akiimba ubeti mmoja kwa sauti ya chini. Akiumaliza bila kukata pumzi, twende. Akikata, tunasimama mpaka aumalize. Alisimama mara mbili tu asubuhi nzima.

Mimi nilisimama mara nyingi zaidi. Kila tuliposimama nilimkazia macho usoni kwa bidii ya mlinzi wa benki. Midomo yake ilikuwa sawa. Juu ya kilima cha nne akanigeukia, akanitazama kwa muda.

"Yaya. Midomo imekuwa bluu."

"Yako?"

"Yako."

Akavua skafu iliyofumwa na Mapendo akanifunga nayo uso. Mgonjwa wa moyo. Nikaendelea kulinda afya yake kupitia tundu la sufu.

Tindigani: adabu kwa mzee

Katikati ya njia kuna tindiga pana, uwanda wa kinamasi kilichoganda wenye mafundo ya nyasi yaliyofunikwa na theluji, kiasi kwamba kila hatua ni bahati nasibu. Hakuna mti wa kuegemea wala jiwe la kukumbuka. Pasipo vibendera hujui ulikotoka. Tulikuwa watu wa mwisho kabisa, na nyuma yetu, akija polepole bila kulalamika, alikuwa Harlan, mgongoni begi kubwa na kwapani vibendera vya asubuhi nzima.

Bisimwa alitazama nyuma mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilijua kinachomsumbua kwa sababu na mimi kilinisumbua. Wote wawili tumelelewa na akina mama ambao wangetuchapa kwa kutembea mikono mitupu mbele ya mzee mwenye mzigo. Nchi imebadilika, lugha imebadilika, moyo wenyewe umebadilishwa vali, lakini hilo halikubadilika.

Akarudi kwa Harlan. "Papa, lete nikusaidie."

"Hapana, hapana. Niko sawa."

"Lete, papa."

"Nyinyi mna mbio zenu."

"Papa, nakuomba."

Watu wa huku hukataa mara mbili, mara ya tatu hutoa. Ni adabu kabisa, tofauti na yetu kwa namba tu. Harlan akatoa vibendera. Ndipo akatuambia kwamba kamba ya kiatu chake kipana cha theluji imekatika, kwamba atakaa chini aifunge, na kwamba tukitaka kweli kumsaidia tutangulie tukiving'oa mpaka kituo cha juu.

"Mnajua utaratibu wa vibendera?" akauliza.

Bisimwa akanitazama mimi, msomi.

"Bila shaka," nikasema.

Sijui kwa nini nilisema. Au tuseme najua: nimefundisha chuo kwa miaka sita, na hapo mtu hujifunza kujibu "bila shaka" kwa kila swali asilolielewa.

Tulifanya kazi hiyo kwa moyo wote. Kama hujawahi kuona Waswahili wawili wakimsaidia mzee asiyewaona, hujaona bidii. Mimi upande wa kushoto, yeye kulia, hatukuacha hata kimoja. Vingine vilikuwa na utepe wa bluu, navyo vilikuwa vimechomekwa kwa nguvu zaidi, basi tukaving'oa kwa nguvu zaidi. Theluji ilianza kuanguka. Bisimwa aliimba ubeti mzima bila kukata, na saa yangu ya mkononi ikasema tunawahi. Kwa mara ya kwanza niliiona medali. Niliona hata Mama Kemunto akiitafuna kuhakikisha siyo bati.

Kituo cha juu: dakika sabini

Kituo kilikuwa hema juu ya kilima, lenye jiko la gesi na yule mama wa filimbi. Tulifika saa nane na nusu. Vilibaki vilima viwili vidogo na saa moja na nusu, na hata mimi ningeweza. Nikashusha skafu, mtu mmoja akanipiga picha nimekumbatia vibendera, ile ile mliyoiona, kisha tukaviweka mezani kwa fahari.

Mama wa filimbi akatabasamu. Kisha akaona tepe za bluu.

"Hivi mmevitoa wapi?"

"Tindigani," nikasema. "Vyote. Usijali, hatukubakisha."

Hakupiga kelele. Alikaa chini. Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayejizuia, yale aliyoyaeleza ukumbini wakati naandika kuhusu tambi: visivyo na utepe ni vya njia fupi, vinang'olewa, vyenye utepe ni vya njia ndefu, vinabaki, kwa sababu watu wa njia ndefu wanarudi kupita tindiga mchana. Walikuwa bado saba. Nao walikuwa huko sasa, ndani ya weupe ule, wakitafuta vibendera ambavyo nilikuwa nimevikumbatia. Zaidi yao, Harlan.

Akaanza kuita kwenye redio. Pikipiki ya theluji isingeweza kuingia, kwa sababu chini ya tindiga kuna chemchemi ambazo hazigandi. Akapuliza filimbi. Upepo ukaichukua ukaenda nayo upande mwingine.

Sasa nitakiri jambo ambalo sikuliweka katika masimulizi ya mdomo. Nilimvuta Bisimwa pembeni.

"Tuondoke. Wana redio, wana watu wao. Sisi hapa tunaongeza nini? Una saa moja na dakika ishirini. Kwaya yako iko nyuma ya vilima viwili."

Alinitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu anayenipenda.

"Yaya, ni sisi njo tuliwapoteza. Tutaenda kuchukua medali ya nini?"

Akavua begi. Akasogea hadi ukingo wa kilima, akageukia tindiga, akapanua miguu kama anavyofanya siku za sikukuu. Akaimba.

Kule kanisani kuna vipaza sauti, na kuna watu thelathini wa kumficha. Nilikuwa sijawahi kuisikia sauti yake peke yake. Ilikuwa nzito na pana, nayo ilishuka mlimani ikatambaa juu ya kinamasi kama kitu chenye miguu. Aliimba nyimbo za Pasaka mwezi Januari. Aliimba za harusi. Zilipokwisha akaimba sauti ya kwanza, kisha akazirudia nyimbo hizohizo kwa sauti ya tatu na ya nne, mikono ikienda juu na chini, akiongoza kwaya ya theluji. Mimi nilisimama mbele yake, mgongo kwenye tindiga, nikimtazama midomo. Mapendo aliniagiza kitu kimoja, na baada ya kuharibu vingine vyote niliamua kukifanya hicho.

Baada ya dakika ishirini mama wa filimbi akanyoosha kidole. Watu wawili, wameshikana mikono, wanakuja moja kwa moja. "Ni yule bwana wa mandazi," mmoja alisema alipofika, akilia na kucheka. "Nilimwambia ni yule bwana wa mandazi." Wakafuata wawili. Wakafuata watatu, mmoja amepoteza kiatu kimoja. Bisimwa hakuacha, kwa sababu alikuwa akihesabu na bado mmoja.

Harlan alitokea wa mwisho, saa tisa na dakika hamsini, kamba ya kiatu ikiburuta. Akasimama akasikiliza mpaka ubeti ukaisha.

"Siyo mbaya," akasema. Akafikiri. "Siyo mbaya hata kidogo."

Bisimwa alikaa chini kwenye theluji. Midomo ilikuwa ya kawaida kabisa. Tulifika mwisho saa kumi na moja kasoro, tukapewa supu.

Kurudi: medali iko wapi

Njia nzima ya kurudi Bisimwa hakuitaja kwaya. Mimi nilirudia tena na tena jinsi waandaaji walivyotuomba, kwa adabu kubwa, tusirudi mwakani.

Jumapili, wakati wa matangazo, Mama Kemunto alisimama mbele. "Maestro. Hiyo medali iko wapi?"

"Haiko, Mama. Tulichelewa."

"Mlichelewa aje?"

"Tulichelewa tu."

"Sawa. Basi keti."

Akaketi. Alikuwa ameamua kutonitaja. Nilikaa pale safu ya tano nikisubiri nione kama nitaweza kuishi na jambo hilo, na kwa sekunde kadhaa, samahani kusema, niliona nitaweza. Kisha nikaona vidole vyake vinaanza kutikisika chini ya kiti.

Nikasimama. Nikaeleza yote: tambi, daftari, "bila shaka", tepe za bluu, na kwamba nilimshawishi akimbie akakataa. Kanisa lilinisikiliza kwa namna ambayo insha zangu hazijawahi kusikilizwa.

"Sasa wewe Mwalimu," Mama Kemunto akasema polepole, "na degree zako zote, mtu ali-explain na wewe ukaandika story ya spaghetti?"

"Ndiyo, Mama."

"Aliimba dakika ngapi?"

"Sabini."

"Bila kuketi?"

"Bila kuketi."

"Midomo?"

"Ya kawaida. Yangu ndiyo ilikuwa bluu."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Alishuka akaenda hadi kwa Bisimwa, akamshika kifundo cha mkono, akainua macho kwenye saa ya ukutani. Dakika nzima. Watu zaidi ya mia walimsikiliza Mama Kemunto akihesabu kimya. Mapendo alikuwa amefumba macho.

Akauachia mkono. "Next Sunday, ibada zote mbili," akasema. "Lakini kila Jumapili lazima mtu amwangalie midomo, na mwenye anaongoza kwaya anaonekana uso na wanakwaya peke yao. Nani hana kazi?"

Kanisa zima likageukia safu ya tano.

Hiyo ndiyo picha ya pili. Nilipimwa sauti kwa dakika nne, kisha nikaombwa, kwa adabu niliyoizoea sasa, niwe nafungua mdomo bila kutoa chochote. Nasimama safu ya nyuma, joho limenibana kwapani. Bisimwa anapoinua mikono, wenzangu wote wanatazama mikono. Mimi natazama midomo. Hata Jumapili iliyopita ilikuwa sawa.